Barua ya wazi kwa kamati ya vibali: kwenye fomu yenu hatumo

Waheshimiwa wajumbe wa kamati ya vibali. Nakala kwa afisa utamaduni, mkuu wa kikosi cha zimamoto na mkuu wa polisi.

Salamu. Swali la nne kwenye fomu yenu ya kuombea kibali cha ukumbi wa muziki linauliza mwombaji atauza pombe ya aina gani. Kuna visanduku vitatu vya kuweka alama, na hakuna hata kimoja cha kusema haitauzwa. Mara ya kwanza tuliviacha wazi, fomu ikarudishwa kwa kuwa haijakamilika. Mara ya pili tuliandika pembeni kwa kalamu kwamba hatuuzi pombe. Tukaambiwa basi sisi si ukumbi wa muziki, ni mkusanyiko, na mikusanyiko huombewa kibali polisi. Polisi nao wakasema penye spika na kiingilio pana biashara ya burudani, turudi kwenu. Tumezungushwa hivyo miezi kumi na mmoja. Mwenzetu mmoja akashauri tuweke alama kwenye kisanduku cha bia ili mambo yaende, na nakiri kwamba tulilipigia kura pendekezo hilo. Lilishindwa kwa kura mbili tu.

Mimi ni mmoja wa wanaoshika funguo za chumba ambacho ninyi mnakijua kutokana na malalamiko ya kelele. Chumba chenyewe kinaingiza watu themanini wakisimama kwa kubanana. Jumamosi mchana bendi zinapiga panki, muziki wa roki wa kasi na makelele. Siku za wiki meza zinarudishwa katikati, na hapo vinatengenezwa vijarida, yanachapwa mabango na fulana kwa fremu za skrini, na vijana wanafundishana kuchomea waya za gitaa. Hakuna mwenye mshahara. Kiingilio kinalipa kodi ya jengo na umeme, kikibaki kidogo bendi iliyotoka mbali inapewa nauli.

Neno panki kwa watu wengi ni mtindo wa kunyoa: pembeni kipara, katikati nywele zimesimama kama kishungi cha jogoo. Kwetu wenye kichwa hicho wako wawili. Waliobaki ni mafundi umeme, wanafunzi, muuguzi mmoja, mwalimu wa hisabati, na vijana ambao hawajapata kazi. Wanachoshirikiana ni ukaidi mmoja tu, kwamba usisubiri mtu akuruhusu kutengeneza kitu unachoweza kukitengeneza mwenyewe. Januari 1977 bendi ya Buzzcocks ya Manchester ilikopa fedha kwa ndugu na marafiki, ikafyatua nakala 1,000 za santuri yake bila kampuni yoyote nyuma yake, na zikaisha haraka kuliko walivyotegemea. Baada ya hapo maelfu ya bendi duniani zilijua kwamba mlango wa studio kubwa si mlango pekee.

Naona hapa nieleze habari ya vijarida, kwa sababu ndivyo vilivyotuletea msukosuko wa mwisho. Wenyewe kwa Kiingereza huviita zine. Mimi nitabaki na vijarida, maana jina hilo tukiliandika kwa tahajia yetu linatamka jambo ambalo afisa maadili hatalala akilisoma. Kijarida ni kitu chepesi kuliko mnavyodhani. Chukua karatasi moja ya A4, ikunje mara tatu, ikunjue, ipasue mstari mmoja katikati, ikunje upya: una kurasa nane bila hata pini ya stepla. Kikubwa zaidi kinahitaji mkasi, gundi, taipureta kama ipo, na mashine ya fotokopi ambayo mwenyewe hana habari inatumika kwa kazi gani. Mwaka 1976 karani mmoja wa benki jijini London, Mark Perry, alichapa na kuandika kwa kalamu nene kijarida cha Sniffin' Glue. Toleo la kwanza lilikuwa na nakala hamsini hivi. Mwaka uliofuata kilikuwa kinasomwa na maelfu, na hapo hapo akakisimamisha, akiwahimiza wasomaji waanzishe vya kwao. Sijui wahariri wangapi wa magazeti ya kawaida wangeweza kufanya hivyo siku mauzo yanapopanda.

Miezi minne iliyopita maofisa waliingia chumbani kwetu mchana wa Jumamosi, wakazima umeme, na wakaondoka na sanduku la vijarida wakisema ni machapisho yasiyosajiliwa. Sanduku hilo halijarudi. Ndani yake mlikuwa na michoro ya vichekesho, mahojiano na bendi mbili, maelekezo ya kutengeneza kebo ya spika, na nakala ishirini za kijarida cha binti wa miaka kumi na saba aliyeandika jinsi anavyoishi na kifafa: nini kifanyike akianguka, nini kisifanyike, na nani wasimguse. Alikichora mwenyewe kila ukurasa. Aliyekichukua na akisome, kitamfaa. Wakati huo huo maktaba ya Chuo Kikuu cha New York inahifadhi vijarida vya wasichana wa riot grrrl, harakati za wanawake ndani ya panki za miaka ya 1990, karatasi za fotokopi zile zile zenye gundi iliyochuruzika, zimewekwa kwenye makasha ya kumbukumbu na wanafunzi wa historia wanaziomba kwa miadi. Hatuwaombi mtuwekee makasha. Tunaomba sanduku letu.

Sasa kelele, na hapa sitajitetea kupita kiasi. Jirani wa nyuma yetu, mama mwenye mtoto mchanga, alikuwa na haki. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunapiga mpaka usiku, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya joto, na tulipoambiwa tulijibu kwa kiburi. Nilikuwa mmoja wa waliojibu. Tulikwenda kumwomba radhi baadaye, na ndiye aliyetufundisha jambo ambalo hakuna ofisa aliyetuambia: kinachomwamsha mtoto si gitaa wala mwimbaji anayepayuka, ni besi na lile pipa kubwa la ngoma. Sauti nyembamba inakatwa na ukuta. Sauti nene inapita ukutani, inashuka sakafuni, inatokea kitandani kwa mtu.

Ofisa aliyekuja kukagua alituagiza tubandike sponji ukutani, au trei za mayai kama hatuna uwezo. Tulitii kwa wiki tatu, kisha mwenzetu fundi akazing'oa zote kwa hasira. Trei za mayai hazizuii sauti kutoka. Zinapunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba, basi. Kinachozuia sauti ni uzito wa ukuta na kuziba kila upenyo, hata ule wa chini ya mlango. Sponji ya kawaida ni mbaya zaidi. Tarehe 20 Februari 2003, katika ukumbi wa The Station huko West Warwick, Marekani, cheche za fataki za jukwaani zilishika sponji iliyobandikwa ukutani ili kupunguza sauti. Watu 100 walikufa. Ukumbi ule ulikuwa na leseni, ulikuwa umekaguliwa, na sponji ilikuwepo ukutani wakaguzi walipopita. Watu wengi walikimbilia mlango ule ule walioingilia, ingawa palikuwa na milango mingine, wakaangukiana pale. Miaka kumi baadaye, Januari 2013, ukumbi wa Kiss huko Santa Maria, Brazili, uliungua kwa namna inayofanana sana, fataki na sponji, wakafa watu 242.

Kwa hiyo tumefanya tunavyoweza. Ukuta wa nyuma una tabaka la pili la bodi za jipsamu, na mianya imezibwa. Ngoma na kabati la besi vimekalia jukwaa dogo lenye mpira chini yake. Muziki unakoma saa moja na nusu jioni, kabla hata baa za jirani hazijawasha spika zao. Tunapima sauti kwenye meza ya fundi mitambo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango kwa kumbi za muziki: wastani usizidi desibeli 100 kwa dakika 15. Hicho ndicho tunachofuata, na kwenye mlango kuna bakuli la vizibo vya masikio vya bure, kwa sababu kila ongezeko la desibeli 3 linapunguza kwa nusu muda ambao sikio linaweza kuvumilia. Mtu anayeweza kukaa saa nane kwenye desibeli 85 anabaki na robo saa kwenye 100. Mpiga ngoma wetu wa zamani husikia mlio sikioni mchana na usiku, na hauponi. Vijana wanaokataa vizibo tunawapeleka waongee naye.

Nimefika kwenye moto, na ningeomba msome hapa hata kama mengine mmeyaruka.

Usiku wa tarehe 2 Desemba 2016, ghala la wasanii la Ghost Ship jijini Oakland, California, liliungua watu wakiwa ghorofani kwenye muziki. Walikufa 36. Ngazi mojawapo ilitengenezwa kwa mbao za paleti, hapakuwa na mfumo wa kunyunyiza maji, na njia ya kutokea ilikuwa imejaa samani na sanaa. Waliokufa walikuwa watu kama sisi: wapiga muziki, wachoraji, watu wanaochapa vitu usiku. Katika chumba chetu tulikaa kimya habari ilipofika, halafu kila mtu akaanza kuangalia darini.

Baada ya moto ule ofisi nyingi za miji ya Marekani zilikimbilia kufunga kumbi ndogo. Nawaelewa, hakuna diwani anayetaka jina lake liandikwe chini ya habari ya namna hiyo. Ila wapiga muziki hawakuacha kupiga. Chumba kilichofungwa kinaacha bendi ile ile, na spika zile zile, na vijana themanini wale wale, wakitafuta ghala lingine ambalo hamlijui, lenye waya zilizounganishwa na mtu asiye fundi, na ambapo hakuna atakayethubutu kuwapigia zimamoto simu mapema kwa kuogopa kukamatwa. Oakland yenyewe, wiki chache tu baada ya vifo, ofisi ya meya ilitoa agizo la kusaidia majengo ya namna hiyo yarekebishwe badala ya kuwafukuza wote waliomo. Lilichelewa. Majirani walikuwa wameshalilalamikia jengo lile kabla. Mwaka 2020 jiji lilikubali kulipa dola milioni 32.7 kumaliza kesi za familia na manusura.

Sisi tunataka zimamoto waje. Hili sijui tuliseme kwa lugha gani. Tumeandika barua tatu tukiomba kikosi kije kikague mlango wa nyuma, waya na mitungi miwili ya kuzimia moto tuliyonunua wenyewe. Jibu lilikuwa kwamba ukaguzi hufanyiwa ukumbi wenye kibali. Nanyi kwenye kibali mnadai cheti cha ukaguzi. Mzee mmoja wa jirani, tulipomsimulia, alicheka mpaka akashika kiti. Mlango wetu wa nyuma sasa unafunguka kwa nje, tumeugeuza wenyewe, una upana wa mita moja na sentimita kumi, na Jumamosi kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusimama pale na kuhakikisha hakuna anayeweka begi wala gitaa njiani. Hatujui kama hiyo inatosha. Kujua huko ndiyo kazi ya zimamoto.

Kuna jambo la sura pia, na naligusa kwa kifupi kwa sababu linachosha. Desemba 2011 huko Banda Aceh, Indonesia, polisi waliwakamata vijana zaidi ya 60 kwenye tamasha la panki, tamasha ambalo lilikuwa la kuchangia yatima. Wakawanyoa, wakawatia ziwani, wakawaweka siku kumi kwenye chuo cha polisi ili wanyooke. Hawakufunguliwa mashtaka. Jijini London, kuanzia 2005 mpaka 2017, polisi walikuwa na fomu namba 696 iliyotaka waandaaji wa muziki wataje majina, anwani na simu za wasanii wao. Mwanzoni iliuliza mpaka rangi na kabila la wasikilizaji. Ilifutwa baada ya kelele za miaka. Ofisa aliyekuja kwetu aliwapekua wenye nywele za panki wawili, akamwacha mwalimu wa hisabati, ambaye kusema kweli ndiye aliyekuwa amebeba kisu. Cha kukatia karatasi, lakini kisu.

Na kwa anayesema haya ni mambo ya kuiga kwa watu: bendi ya National Wake ya Johannesburg ilianza mwaka 1979 ikiwa na weusi na weupe pamoja, wakati sheria za ubaguzi zilikataza hata kuishi mtaa mmoja. Waliimba walichokuwa wanakiona. Bendi ya Bad Brains ya Washington, waliopiga kwa kasi ambayo wengine wote wakaifuata, ni Wamarekani weusi. Muziki huu hauna mwenyewe wa kurudishiwa.

Yako majiji yaliyopita njia hii, na ningependa myatazame kabla ya kikao. Mei 1980 vijana wa Zürich, Uswisi, waliandamana mbele ya jumba la opera. Mji ulikuwa unataka kutumia takribani faranga milioni 60 kwa ajili ya jumba lile, huku wao wakiambiwa hakuna nafasi. Yaliharibika mengi kabla hawajasikilizwa. Kiwanda cha zamani cha hariri kando ya ziwa, Rote Fabrik, kikafunguliwa mwaka huo huo kuwa kituo cha utamaduni, na kipo mpaka leo kikipata ruzuku ya jiji. Copenhagen ilikwenda kinyume. Iliwapa vijana nyumba ya Jagtvej 69 mwaka 1982, baadaye ikaiuza, na tarehe 1 Machi 2007 polisi wakaivamia. Siku kadhaa za ghasia mitaani, mamia ya watu wakakamatwa, nyumba ikabomolewa. Mwaka 2008 jiji likawapa nyumba nyingine. Yaani walifika pale pale walipoanzia, wakiwa wamelipia bili ya ghasia katikati. New York walikuwa na jengo la ABC No Rio mtaa wa Rivington, lenye maktaba ya vijarida, chumba cha kuchapia skrini na muziki wa Jumamosi mchana. Baada ya miaka mingi ya kuvutana mahakamani, mwaka 2006 jiji liliwauzia wasanii wenyewe kwa dola moja.

Ninayoipenda zaidi ni ya Berkeley, California, kwa sababu inafanana na sisi. Ukumbi wa namba 924 mtaa wa Gilman ulifunguliwa mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1986, na bado upo. Unaendeshwa na wanaojitolea, watu wa umri wote wanaingia, na sheria zimeandikwa ukutani kwa rangi: hakuna pombe, hakuna dawa za kulevya, hakuna kupigana, hakuna ubaguzi. Wanashika sheria zao kiasi kwamba bendi ya Green Day, waliokulia pale, walipotia saini na kampuni kubwa walizuiwa kupiga, maana ukumbi haukutaka bendi za kampuni kubwa. Sisi tusingekuwa wakali hivyo. Hakuna kampuni iliyotuuliza.

Tunachoomba hakihitaji fungu la bajeti. Tunaomba aina moja ya kibali iongezwe: ya ukumbi mdogo usiouza pombe, wenye watu wasiozidi idadi itakayopangwa na zimamoto baada ya kuona milango, na wenye saa ya mwisho. Ada yake iwe ya ukubwa wa chumba, si ile inayolipwa na klabu ya watu elfu moja. Zimamoto waruhusiwe kukagua kwanza, kibali kifuate, na mwenye ukumbi apewe muda wa kurekebisha kasoro zisizoweza kuua mtu kesho. Zinazoweza kuua, fungeni siku hiyo hiyo, tutawasaidia kushusha shata. Ofisa anayekuja kwa malalamiko ya kelele aje na kipimo cha desibeli. Akisimama na kipimo chake chumbani kwa yule mama, nyuma ya ukuta wetu, tutakubali namba atakayoisoma.

Na vijarida vyenye nakala chini ya mia mbili visihesabiwe kuwa gazeti. Aliyeandika amevitia jina lake au hakutia, shauri yake.

Mtasema kamati haitungi kanuni, inazitekeleza tu. Sheria ya New York ya mwaka 1926 iliyodai leseni maalumu ili watu wacheze dansi ilidumu miaka 91, na muda wote huo kila ofisi ilikuwa inaitekeleza tu. Mwaka 2017 diwani mmoja alipeleka muswada, ukapita. Miongoni mwenu madiwani mko wanne. Tumehesabu.

Sitaki barua hii iwe ya kumpigia mbuzi gitaa, ingawa gitaa tunalo. Njooni Jumamosi yoyote saa nane mchana, kabla bendi hazijaanza, chumba kikiwa kimya na harufu ya wino. Pitieni mlango wa nyuma, muusukume wenyewe muone unavyofunguka.

Tumeambatanisha fomu yenu, tumeijaza kwa mara ya nne. Chini ya visanduku vitatu vya swali la nne, binti yule wa kijarida cha kifafa amechora cha nne kwa rula, kwa kalamu nyeusi, kinalingana sawasawa na vyenu. Kina alama ya vema ndani yake.

Wenu,
wanachama wa ukumbi (majina na sahihi 61 ziko kwenye nakala tuliyoileta mapokezi)